Virusi ndani ya kashe: tuache kuformati kompyuta bila kuangalia

Wiki mbili zilizopita, saa moja ya usiku, binti wa jirani yangu hapa Butembo aligonga mlango akiwa amefunga kompyuta yake ndani ya kitenge, kama mtu anayepeleka mtoto mgonjwa hospitali. "Yaya, nisaidie, imeingiliwa na virusi," aliniambia mbele hata ya kuketi. Niliiwasha. Ilikuwa inatembea vizuri kabisa. Ila chini, upande wa kuume, antivirusi ya Windows ilikuwa imeleta ujumbe wenye alama nyekundu: kuna kitisho kimepatikana, kiwango chake ni kikubwa.

Mchana alikuwa ameipeleka kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. Fundi aliutazama ujumbe, akatikisa kichwa, akasema dawa ni moja tu: kuformati. Dola kumi, na kesho asubuhi mashini itakuwa mpya. Binti alikuwa karibu kukubali. Kilichomzuia ni kwamba alikuwa na dola sita tu mkononi. Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na TFC yake, kurasa zaidi ya sitini, na hakuwa na kopi pahali pengine popote.

Tulikaa mezani tukasoma ule ujumbe pamoja, neno kwa neno, jambo ambalo yeye hakuwa amelifanya, na ninaogopa fundi pia hakulifanya. Chini ya jina la virusi kulikuwa na mstari mrefu unaoonyesha pahali faili ilipopatikana. Katika mstari huo kulikuwa na maneno "Chrome", kisha "User Data", na mwishoni "Cache". Tulifunga Chrome, tukaondoa kile kilichokuwa kimehifadhiwa, tukaiacha antivirusi ichunguze mashini yote tukiwa tunakunywa chai. Haikupata kitu kingine. Kwa kazi ya mikono peke yake, bila kuhesabu muda wa kungoja, hatukutumia dakika tano.

Ninaandika haya kwa sababu miaka sita iliyopita mimi sikuwa na jirani wa kumgongea mlango. Niliona ujumbe wa namna hiyo hiyo, nikaogopa, nikapeleka kompyuta kwa mtu aliyesifiwa sana katika mtaa wetu. Aliniuliza kama nimeweka vitu vyangu pembeni. Nilijibu ndiyo, nikifikiri juu ya makala zangu ambazo zilikuwa kwenye barua pepe. Sauti nilizisahau. Zilikuwa karibu saa nane za mazungumzo na akina mama waliokimbia vijiji vya eneo la Beni, waliokubali kunieleza mambo ambayo mtu haelezi mara mbili. Wengine wao sikuwapata tena. Namba zao za simu hazikuita, na pale walipokuwa wamepanga walikuwa wamehama. Leo, nikijua nijuavyo, nina hakika kubwa kwamba kilichokuwa ndani ya mashini yangu ni faili moja ndogo iliyolala ndani ya kashe. Virusi haikunipotezea hata neno moja. Ni dawa ndiyo iliyonipotezea.

Basi kashe ni kitu gani? Kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia intaneti kama Chrome, Firefox ao Edge, kina tabia ya mama anayeuza chai asubuhi. Hangojei mteja afike ndipo awashe moto. Maji ya moto ameyaweka ndani ya termosi tangu alfajiri. Ukifungua ukurasa wa habari, kivinjari kinaweka kopi ya picha, ya maandishi, na ya vile vipande vya programu vinavyofanya ukurasa utembee. Kesho ukirudi pale, hakivuti tena vyote kutoka mbali, kinachukua vile kilivyoviweka karibu. Ukurasa unafunguka haraka na mega zako zinadumu. Kwetu sisi tunaonunua mega kidogo kidogo, kashe ni rafiki, hata kama wengi hawajawahi kusikia jina lake.

Shida ni kwamba kivinjari hakichagui sana. Kila kitu kinacholetwa na ukurasa kinaweza kuingia pale, kizuri na kibaya. Na kibaya hakitoki tu kwenye kurasa za aibu ambazo watu wanaona haya kuzitaja kwa fundi. Mwezi wa pili mwaka 2018, wahalifu walibadilisha chombo kimoja kidogo kinachoitwa Browsealoud, kinachosaidia wasioona vizuri kusikia maandishi ya ukurasa. Kurasa zaidi ya 4,000 zilizokuwa zikitumia chombo hicho zilianza kuwapa wageni wao programu ya kuchimba pesa za kidijitali kwa siri. Kati yake kulikuwa na ukurasa wa ofisi ya Uingereza yenye kazi ya kulinda data za watu. Mtu aliyekwenda kusoma namna ya kujilinda alipewa kitu kibaya palepale.

Programu hiyo ya kuchimba ilikuwa ya huduma iliyoitwa Coinhive, ambayo ilifungwa mwezi wa tatu mwaka 2019. Wakati wake antivirusi nyingi zilikuwa zinapiga kelele kila siku juu ya faili za namna hiyo ndani ya kashe. Lakini tuelewe vizuri ilivyokuwa ikifanya kazi. Ilikuwa inakula nguvu za kompyuta wakati ukurasa umefunguliwa. Ukifunga ukurasa, inanyamaza. Kilichobaki ndani ya kashe ni kopi tu, kama karatasi iliyoandikwa wimbo mbaya: haiimbi yenyewe mpaka mtu aishike na kuisoma.

Sisemi kwamba ni kitu cha kucheka. Faili mbaya ndani ya kashe ni alama ya mguu matopeni. Inakuambia kwamba kuna aliyepita mlangoni. Huenda alipita tu. Huenda pia mlango ulikuwa wazi akaingia, hasa kama kivinjari chako hakijafanyiwa marekebisho kwa miaka. Ndiyo maana swali la kwanza la kujiuliza ni hili: siku hiyo, kuna kitu nilikipakua na kukifungua kwa mkono wangu? Programu ya bure ambayo kwa kawaida inalipiwa? Faili iliyokuja kwa barua pepe na jina la "facture"? Kama jibu ni hapana, na antivirusi inaonyesha kashe peke yake, una sababu ya kupumua. Kama jibu ni ndiyo, endelea kusoma, kwa kuwa kwako mambo ni tofauti na nitayafikia.

Kwa yule wa kwanza, kazi ni ndogo. Fungua kivinjari, bonyeza pamoja Ctrl, Maj na Suppr kwenye klavie yetu ya Kifaransa. Litatokea dirisha lenye viboksi. Chagua muda wote, weka alama kwenye "images et fichiers en cache", na uondoe alama kwenye mengine kama hutaki kuandika upya majina na nywila zako kila pahali. Thibitisha. Kisha fungua antivirusi uiombe ichunguze mashini yote, si ule uchunguzi wa haraka. Windows 10 na 11 zina Defender ndani yake, haiuzwi, hauhitaji kununua kitu. Kama bado una wasiwasi, ndani ya Defender kuna uchunguzi mwingine unaozima mashini na kutafuta mbele Windows haijaamka. Unachukua karibu dakika 15. Hakikisha betri imejaa, maana sote tunaujua umeme wetu.

Siku chache baada ya kufuta, mega zitakwenda kidogo haraka kuliko kawaida, kwa sababu kivinjari kinajaza tena termosi yake. Hilo lisikutie hofu ya kwamba virusi wanakula mega.

Kuna wanaofuta leo, na kesho asubuhi ujumbe unarudi uleule. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kubeba kompyuta kwenda kwa fundi. Lakini kurudi kwa ujumbe kuna sababu zake, na mara nyingi ni za kawaida. Ya kwanza, kivinjari kimewekwa kifungue tena kurasa za jana, kwa hiyo kila asubuhi kinaenda kuchota maji kwenye kisima kilekile kichafu. Funga ukurasa huo na usirudi. Ya pili, kuna kiongezo kidogo ulichokubali ndani ya Chrome siku moja, labda cha kupakua video, na hicho ndicho kinachovuta uchafu. Andika chrome://extensions pale juu, utaviona vyote, ondoa kila usichokumbuka ulikiweka kwa kazi gani. Usidanganywe na umaarufu: mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili 2024, kiongezo cha Cyberhaven, kampuni ya usalama wa data yenyewe, kilitekwa na wezi wakakitumia kwa siku moja hivi kuiba kuki za watu.

Sababu nyingine ni ile inayowasumbua zaidi wazazi wetu kwenye simu. Ukurasa fulani uliuliza kama unaweza kukutumia taarifa, mtu akabonyeza "Autoriser" ili aondoe tu lile dirisha. Tangu siku hiyo anapokea maonyo: simu yako ina virusi 13, betri yako itaharibika, bonyeza hapa. Hakuna ukurasa wa intaneti unaoweza kuhesabu virusi ndani ya simu yako. Ni tangazo lililovaa koti la daktari. Nimemwona papa mmoja mwenye heshima zake akiingiza programu tatu za "kusafisha" kwa siku moja, zote zililetwa na maonyo hayo, na simu ikawa nzito kuliko mwanzo. Dawa ilikuwa kuingia katika mipangilio ya Chrome, kwenye taarifa, na kuondoa ruhusa ya ukurasa ule mmoja.

Sasa nirudi kwa fundi, kwa kuwa hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Tumezoea kusema kuformati ni usafi, kwamba hata kama si lazima, haina ubaya. Ina ubaya, na si ule tu wa kupoteza TFC.

Angalia kinachofanyika baada ya kuformati. Fundi anaingiza Windows kutoka kwenye flashi yake, ileile aliyoiingiza katika mashini za watu wengine wote wiki hiyo. Windows hiyo haijalipiwa. Ili iache kuomba ufunguo, anaweka kijiprogramu cha kuidanganya. Ili kijiprogramu kifanye kazi, kwanza anazima antivirusi, kwa kuwa antivirusi ingekikataa. Kisha anaweka Office ya namna hiyo hiyo. Asubuhi unapokea kompyuta nyepesi, yenye picha nzuri nyuma, isiyoleta ujumbe mwekundu hata mmoja. Bila shaka haileti: aliyekuwa akipiga kelele amefungwa mdomo. Uliingia na karatasi moja chafu ndani ya kashe, umetoka na mlango usio na kufuli, na umelipa dola kumi.

Sitaki kuwahukumu mafundi. Licha ya kodi na umeme, wanahudumia watu ambao hawawezi kununua Windows kwa bei ya Ulaya, na mimi mwenyewe nimetumia kazi yao kwa miaka. Lakini vile vijiprogramu vya kufungulia ndiyo mojawapo ya njia ambazo wezi wa kweli wanapitia. Mwezi wa tano 2025, Microsoft, wizara ya sheria ya Marekani na polisi wa Ulaya walivunja mtandao wa programu moja ya wizi inayoitwa Lumma, iliyokuwa ikikodishwa kwa wahalifu kama mtu anavyokodisha pikipiki. Microsoft ilisema ilihesabu kompyuta zaidi ya 394,000 zilizoingiliwa duniani kati ya tarehe 16 Machi na tarehe 16 Mei mwaka huo peke yake. Njia moja ya kueneza Lumma ilikuwa programu za bure zilizovunjwa kufuli. Njia nyingine ilikuwa kurasa za uongo zinazokuomba uthibitishe kwamba wewe ni mtu: bonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Entrée. Ukifuata, unakuwa wewe mwenyewe umeandika amri ya kumkaribisha mwizi. Ukurasa wowote unaokuomba hivyo, ufunge palepale.

Na mwizi huyo hatafuti kashe. Anatafuta chumba kingine cha kivinjari hichohicho, kile cha nywila na kuki. Kila mara Chrome inapokuuliza "niweke nywila hii?" nawe ukajibu ndiyo, inaingia katika chumba hicho. Kuki ni kama ule mhuri wanaokupiga mkononi ukilipa kuingia kwenye tamasha: ukiwa nao, mlinzi haombi tena tiketi. Aliyenakili mhuri wako anaingia katika barua pepe yako bila nywila, na mara nyingine bila hata ile namba inayotumwa kwenye simu.

Mtu wa Butembo anaelewa haraka maana ya jambo hili nikimweleza kwa lugha ya biashara. Wafanyabiashara wetu wanaagiza vitu Dubai na Guangzhou. Bei, faktura, namba za benki, vyote vinapita kwa barua pepe na WhatsApp. Mtu anayesoma barua zako kimya kimya kwa wiki tatu anajua siku utakayolipa. Siku hiyo anatuma faktura inayofanana na ya kawaida, nembo ileile, salamu zilezile, ila namba ya benki imebadilika. Wizi wa namna hiyo unajulikana duniani kote. Tena haupigi kelele. Hakuna ujumbe mwekundu, kompyuta ni nyepesi, kila kitu kinatembea. Tunakimbia kuformati kwa ajili ya faili iliyolala, na tunakaa raha mustarehe na nywila zetu zote ndani ya mashini yenye antivirusi iliyozimwa.

Kwa hiyo, wewe uliyejibu ndiyo kule juu, uliyefungua programu ya wizi ao faktura ya ajabu, kufuta kashe hakutoshi, na hata kufuta kuki kwenye kompyuta yako hakumwondolei mwizi kopi aliyokwisha kuchukua. Chukua kifaa kingine unachokiamini, simu kwa mfano. Ingia katika barua pepe yako, badilisha nywila, kisha tafuta pahali panapoonyesha vifaa vyote vilivyounganishwa na uvitoe vyote. Anza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayofungua mengine. Fuata Facebook, fuata benki. Katika WhatsApp ingia kwenye "appareils connectés". Ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe.

Hapo ndipo, ndiyo, kuformati kunaweza kuwa na maana. Mashini iliyoingiliwa na mwizi wa kweli ni vigumu kuiamini tena, na mimi mwenyewe ningeisafisha yote. Lakini ningefanya hivyo nikiwa nimehamisha maandishi, picha na sauti zangu, nimefungua kopi moja moja kwenye mashini nyingine kuona kama kweli zinafunguka, na Windows ikitoka kwa Microsoft wenyewe. Kompyuta nyingi zinazokuja hapa zikiwa zimetumika zina leseni yake ndani tangu kiwandani. Mtu anaweza kuingiza tena Windows bila kudanganya chochote, na watu hawaambiwi.

Juu ya zile mashini zilizotumika, neno moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10. Chrome kwa upande wake iliacha Windows 7 tangu mwanzo wa 2023. Kama sekretariati unayochapishia bado ina Windows 7, na zipo nyingi, pale usifungue barua pepe yako. Peleka kazi kwa flashi, na ukirudi nyumbani ichunguze flashi mbele ya kuifungua. Ukikuta folda zimegeuka kuwa "raccourcis", usilie na usiformati flashi: mara nyingi vitu vyako vipo, vimefichwa tu, na fundi anayejua kazi yake anavirudisha kwa mstari mmoja wa amri. Nimeona vijana wawili wakifuta kazi zao kwa kutojua hilo. Na kama ulifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya sekretariati ili uchapishe hati moja, hakikisha umetoka. Siku moja niliketi kwenye mashini ya watu wote nikajikuta ndani ya mazungumzo ya mama fulani na mume wake. Nilitoka haraka, lakini je, aliyekuja mbele yangu?

Nchi yetu ina sheria juu ya mambo haya, ile code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, inayozungumza juu ya ulinzi wa data za watu na uhalifu wa mitandao. Ni vizuri kuwa nayo. Lakini mwanafunzi aliyepoteza TFC kwa sababu ya ushauri mbaya hatakwenda mahakamani, na sijui angemshtaki nani, maana yeye ndiye aliyesema "formati". Tunachohitaji ni kidogo zaidi na cha karibu zaidi. Fundi amwonyeshe mteja ule mstari wa pahali faili ilipopatikana, na amwulize kwa jina: picha ziko wapi, sauti ziko wapi, kazi ya shule iko wapi. Ofisi zetu, za habari kwanza, ziache kuwaachia waandishi mashini za ofisi bila diski ya kuwekea kopi. Ninajua diski ya namna hiyo ni bei gani sokoni. Ninajua pia gharama ya kwenda tena kutafuta watu waliokwisha kuhama.

Siku chache baada ya mambo ya yule binti nilikwenda kumwona fundi aliyemshauri. Sikwenda kugombana, nilitaka kumsikia. Ni kijana mwenye akili, anajua kashe ni nini kuliko mimi. Nilimwuliza kwa nini basi alisema kuformati. Alicheka kidogo. "Yaya, nikifuta kashe kwa dakika tano nikaomba dola mbili, mteja atasema nimemwibia. Nikikaa na mashini usiku kucha, analipa kumi na kushukuru. Tena nikifuta na ujumbe ukarudi kesho, atatangaza mtaa mzima kwamba sijui kazi."

Sikuwa na jibu la haraka, kwa kuwa anasema kweli. Sisi wateja ndio tuliomfundisha kwamba kazi ni ile inayochukua muda na kuacha mashini ikiwa tupu. Hatulipi mtu kwa kujua, tunamlipa kwa kubomoa. Nilimwambia nitamletea watu watakaolipa dakika tano kwa bei ya dakika tano pamoja na bei ya kujua. Tangu siku ile nimemtumia wawili. Mmoja alilipa dola tatu akaenda zake na vitu vyake vyote. Wa pili alibishana juu ya bei mpaka jioni, akaondoka na kompyuta yake, na nasikia aliiformati kwa mtu mwingine.

Binti wa jirani anamaliza sura ya mwisho. Kila jioni anajitumia TFC kwa barua pepe, na wiki hii ameanza kunitumia mimi pia.